Kamba ya Kupandishia Hopsi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hopsi ni mmea ambao maua yake ya kike, yenye umbo la koni ndogo za msonobari, hutiwa kwenye bia ili kuipa uchungu na harufu. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza, Marekani au nchi nyingine ya baridi, ambaye ameshanunua miche miwili au mitatu na sasa amesimama dukani mbele ya rafu ya kamba asijue achukue ipi.

Kwa nini kamba iwe jambo la kuumiza kichwa? Si ni mmea wa kutambaa tu kama mingine?

Shina la chini la hopsi hukaa ardhini miaka mingi, lakini sehemu yote ya juu hufa kila mwaka wakati wa majira ya kupukutika majani, na kila masika mmea huanza upya kutoka kwenye udongo. Machipukizi yanayotoka mwezi wa Machi au Aprili huweza kufikia urefu wa mita 5 au 6 kabla ya Juni kwisha, na katika siku nzuri za joto mwezi wa Mei na Juni yanaweza kurefuka kwa takriban sentimita 30 kwa siku moja. Mzigo huo wote unaning'inia kwenye kamba uliyoichagua wakati mmea ukiwa bado mdogo kama kidole.

Jambo la pili ndilo ambalo wengi hawalijui. Mpasheni na mtango hujishikilia kwa vikono. Hopsi haina vikono. Hujizungusha yenyewe kwenye kitu kilichosimama, na shina lake lina vinyweleo vigumu vilivyopinda kuelekea chini, ambavyo hufanya kazi ya kulabu. Ukitaka kuvifahamu, pitisha mkono ulio wazi kando ya shina lililokomaa, na jioni utaona michirizi myekundu kwenye ngozi kana kwamba umegombana na paka. Vinyweleo hivyo vinahitaji kitu chenye kukwaruza ili vishike. Kamba ikiwa laini, mmea hauna pa kujishikiza.

Kwa ufupi, ninunue kamba gani?

Nunua kamba ya makumbi ya nazi yenye unene wa milimita 4 hadi 6. Ukiikosa, nunua ya katani.

Kamba ya makumbi ina ubora gani hasa?

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa sana. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga na tope la ufukweni, maji yakaingia na kutoka kwa miezi kadhaa, kisha akina mama huyafukua, huyaponda kwa mti mpaka nyama yake itoke na kubaki usumba, na usumba huo husokotwa kuwa kamba. Kitu kinachoweza kufukiwa topeni miezi yote hiyo na kutoka kikiwa kizima hakitishiki na mvua ya Kent, eneo la hopsi nchini Uingereza. Mitepe ya Lamu, vyombo vilivyoshonwa badala ya kupigiliwa misumari, ilishonwa kwa kamba hizo hizo na kusafiri baharini. Sababu ya uimara huo ni lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu, ambayo katika usumba imo kwa wingi kuliko katika nyuzi nyingi nyingine za mimea, na vijidudu vinavyoozesha huchukua muda mrefu kuila.

Kwa upande wa hopsi, sifa mbili zina uzito zaidi. Ya kwanza ni ukwaruzaji: ukiiinua kamba ya makumbi kwenye mwanga utaona ncha za nyuzi zimechomoza kila upande, na kila ncha ni ngazi ya kinyweleo kimoja. Ya pili ni kwamba usumba hunyumbuka. Ukivutwa hurefuka kwanza kabla ya kukatika, kwa hiyo upepo unapoutikisa mmea wenye majani mengi, kamba hunyooka na kurudi badala ya kupasuka kwa ghafla.

Kasoro yake ni kwamba, kwa unene ule ule, haina nguvu kama katani, na hiyo ndiyo sababu haifai kununua iliyo nyembamba sana. Vilevile hupukutisha vumbi na vipande vya nyuzi, kwa hiyo usiikate ukiwa juu ya meza ya chakula. Wakulima wakubwa wa Kent na wa bonde la Yakima katika jimbo la Washington, Marekani, huitumia kwa wingi, na inayowafikia hutoka zaidi India na Sri Lanka.

Na katani je?

Katani ni kamba nzuri, na kwa Mtanzania ni kamba yenye historia ya nyumbani. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yalizaliwa mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe. Hadi leo Tanzania na Kenya zimo miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa katani duniani, ingawa Brazil inaongoza. Upo uwezekano mzuri kwamba bunda la kamba unalolishika katika duka la pembejeo la Ulaya limetokana na majani ya mkonge yaliyokatwa mahali unapopajua.

Nguvu yake haina mjadala, na uso wake unakwaruza vya kutosha. Udhaifu wake uko chini, kwenye udongo. Katani inayogusa ardhi yenye unyevu huoza mapema kuliko usumba, na huoza palepale mpaka wa udongo na hewa, ambapo hukuoni kwa sababu majani ya chini yameshafunika. Unaweza kuwa na mita 5 za kamba nzima kabisa juu na sentimita 2 zilizooza chini, na mmea mzima ukaanza kupeperuka kama pazia. Dawa yake ni rahisi: usiizike. Ifunge kwenye kigingi cha mti au cha chuma kinachochomoza sentimita 10 hivi juu ya ardhi, na fundo likae hewani.

Zingatia pia kwamba kamba ya katani ya kufungia marobota ya nyasi mara nyingi hupakwa mafuta kiwandani, na nyingine hutiwa dawa ya kuzuia kuoza au kuwafukuza panya. Inuse. Ikiwa na harufu kali ya kemikali, itafute nyingine, kwa kuwa hii itaishia kwenye mboji yako.

Kamba ya manila, yaani ile ya plastiki, si imara zaidi na ni rahisi?

Ni imara, ni rahisi, na mwaka wangu wa kwanza niliitumia mimi mwenyewe. Ilikuwa ya buluu, laini, ya kung'aa, na nilijisifu kwamba sitainunua tena kwa miaka kumi. Mmea ulipanda vizuri hadi mwanzoni mwa Julai. Kisha ikanyesha mvua ya usiku mmoja yenye upepo, na asubuhi nikakuta mashina yote manne yameteleza na kujirundika chini, yamekaa kwenye kamba kama soksi iliyoshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Kamba yenyewe ilikuwa nzima kabisa, imenyooka, haina hata mkwaruzo.

Mbali na kuteleza, kuna suala la mwisho wa msimu. Hopsi huvunwa kwa kukata mmea pamoja na kamba yake na kuushusha wote. Shina lililokauka limejisokota kwenye kamba mara nyingi mno kiasi kwamba kuvitenganisha ni kazi ya siku nzima, na plastiki ikiingia kwenye mboji itabaki humo, ikikatikakatika vipande vidogo kila unapogeuza rundo. Aina nyingi za bei nafuu pia hudhoofishwa na jua na kuanza kuchanikachanika zikiwa bado juu.

Hata hivyo, sisemi plastiki isiingie bustanini. Ina kazi yake, nayo imeelezwa chini, katika swali la kufunga kamba juu.

Vipi kuhusu juti, pamba au karatasi?

Juti ndiyo inayouzwa zaidi katika maduka ya bustani kwa sababu ni nafuu na inapendeza, lakini ni laini na huoza upesi ikilowa. Iache kwa maharage na njegere, ambayo ni mepesi na humaliza maisha yake mapema. Pamba haikwaruzi. Karatasi inashangaza: kamba ya karatasi iliyosokotwa kwa nguvu hutumiwa na baadhi ya mashamba makubwa ya Marekani na hufanya kazi vizuri, ila imetengenezwa kwa ajili hiyo maalumu, na si ile ya kufungia zawadi.

Nimeona picha za mashamba ya Ujerumani yenye waya. Nitumie waya?

Katika eneo la Hallertau, Bavaria, ambalo ni kubwa kuliko yote nchini Ujerumani kwa kilimo cha hopsi, mimea hupandishwa kwenye waya mwembamba wa chuma unaofungwa upya kila mwaka kwenye nguzo zenye kimo cha mita 7 hivi. Wao wana trekta zenye majukwaa na mashine za kuvunia zilizoundwa kwa mfumo huo. Mtu wa nyumbani akitumia waya atajikuta anachambua vipande vya chuma kutoka kwenye mboji kwa koleo, tena vipande vyenye ncha. Waya unafaa mahali pamoja tu: ule wa mlalo, mnene, unaokaa juu kati ya nguzo mbili mwaka hadi mwaka, ambao kamba za mimea hufungwa kwake.

Lebo inasema «150 m/kg». Maana yake ni nini?

Kamba za kilimo huuzwa kwa uzito, na namba hiyo inaeleza ni mita ngapi zinazopatikana katika kilo moja. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo kamba inavyokuwa nyembamba. Wengi huelewa kinyume na kununua ya 300 wakidhani ndiyo yenye nguvu. Kwa katani ya hopsi chagua kati ya 130 na 150, kwa kuwa kuanzia 200 kwenda juu inafaa zaidi kufungia vitita. Kamba ya makumbi huuzwa kwa kipimo cha unene, na huko nimeshasema milimita 4 hadi 6. Ikizidi sana hapo haiudhuru mmea, kwani zamani hopsi za Kent zilipandishwa kwenye miti mizima iliyosimikwa ardhini, ila fundo huwa kubwa na gharama hupanda bila faida.

Kamba inatakiwa kubeba uzito gani?

Kwa kupanga, hesabu kilo 10 kwa kila kamba, kisha kumbuka kwamba majani yaliyolowa na kusukumwa na upepo huvuta kuliko mizani inavyoonyesha. Kumbuka pia kwamba fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa theluthi moja au hata nusu, kwa sababu nyuzi zilizo upande wa nje wa mkunjo hubeba mzigo peke yake. Kamba ambayo mtu mzima anaweza kuining'inia kwa mikono miwili kwa sekunde chache bila kukatika inatosha, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kila Aprili, nikiwa nimekunja magoti karibu na ardhi.

Ninahitaji mita ngapi?

Kila mche hupewa kamba mbili zinazoanzia chini mahali pamoja na kutanuka juu kama herufi V, ili mwanga uingie katikati. Ikiwa sehemu ya juu iko kwenye mita 5, kamba iliyoinama hutumia mita 5 na nusu hivi, na nusu mita ni ya mafundo, kwa hiyo hesabu mita 6 kwa kila kamba. Miche mitatu ni kamba sita, yaani mita 36. Kwa katani ya 150 hiyo ni kama gramu 240 tu, na ndiyo maana kubania pesa kwenye kamba hakuna maana: bunda moja litakudumu miaka.

Kwenye kila kamba yapande machipukizi mawili au matatu yenye afya. Mengine yote yakate, hata kama moyo unauma.

Nifungeje juu na chini?

Juu ndiko kwenye tatizo, kwa sababu hakuna anayependa kupanda ngazi ya mita 5 akiwa na kamba mdomoni. Zamani huko Kent kazi hiyo ilifanywa na mafundi waliotembea kati ya mistari ya hopsi juu ya ngongoti, kimo kama cha wachezaji wa Kimakonde, wakifunga kamba kwenye kulabu moja baada ya nyingine. Nyumbani, njia bora ni kapi. Fungia kapi kwenye ncha ya nguzo au ukutani chini ya paa, pitisha humo kamba imara ya plastiki ya polista, na mwisho wake funga pete au kipande cha ubao. Kwenye pete hiyo ndipo utafunga kamba zako za makumbi ukiwa umesimama chini, kisha utaivuta pete juu na kukaza kamba ya polista kwenye kulabu iliyo usawa wa kifua. Wakati wa mavuno unalegeza, na mmea wote unakushukia taratibu mikononi.

Hapo ndipo tofauti ya kamba mbili inapoonekana. Ya mmea iwe yenye kukwaruza, ife pamoja na mmea. Ya kapi iwe laini, isiyooza, ibaki.

Chini, funga kwenye kigingi kama nilivyoeleza. Huko Yakima hutumia kipande cha waya kilichokunjwa kama herufi W, wakakisukuma ardhini pamoja na ncha ya kamba. Kwa usumba njia hiyo inafaa, kwa katani sivyo. Usikaze kamba mpaka ilie kama uzi wa gambusi. Nyuzi za mimea zikilowa huvimba, na kamba ya katani iliyosokotwa hufupika. Iliyokazwa siku ya jua inaweza kung'oa kigingi siku ya mvua. Acha ulegevu wa kadiri ya kiganja kimoja ukiivuta katikati.

Nizungushie shina upande gani?

Upande wa mshale wa saa, ukitazama kutoka juu. Ukiinama chini na kutazama juu itaonekana kinyume, na hapo ndipo watu wanapokosea. Ukizungusha vibaya, mmea utajifungua wenyewe usiku na kuanza upya, nao hauna kinyongo. Anza machipukizi yakiwa na urefu wa sentimita 60 hivi, saa za mchana yakiwa yamelegea kidogo kwa jua, maana asubuhi yamejaa maji na hukatika kwa urahisi.

Nina uzio wa mita 2 tu. Nifanyeje?

Tafuta aina fupi. First Gold, iliyozalishwa Uingereza, hukua kufikia mita 2 na nusu hivi na huwekwa kwenye wavu badala ya kamba moja moja. Kwa aina ndefu unaweza kupandisha kamba hadi juu ya uzio kisha kuiendeleza kwa mlalo, lakini hopsi hupenda kwenda juu na haipendi kulala, kwa hiyo itakubidi uurudishe mmea kwenye mstari kwa mkono kila baada ya siku chache.

Je, naweza kutumia kamba ile ile mwaka ujao?

Usumba unaweza kuonekana mzima, lakini usiurudie. Utitiri mwekundu na mabaki ya ukungu hujificha ndani ya misokoto wakati wa baridi, na utakuwa umeyaandalia ngazi ya masika. Kata mmea na kamba vipande vya kiganja na uvitie kwenye mboji, isipokuwa kama mmea ulikuwa na ugonjwa, ambapo ni heri kuvitupa mbali. Ukiwa na mbwa, funika rundo hilo, kwa kuwa koni za hopsi ni sumu kwake, mbichi na zilizokwisha kutumika kwenye bia pia.

Kamba imekatika mwezi wa Julai. Nimepoteza mavuno?

Hapana. Usijaribu kulifumua shina na kulizungushia kamba mpya, maana litavunjika mahali pengi. Mwite mtu wa pili aushike mmea, pandisha kamba mpya kando ya ile iliyokatika, kisha uufunge mmea kwake kwa vitanzi vilegevu kila baada ya nusu mita, kitanzi kikae chini ya jozi ya majani. Ncha ikivunjika, matawi ya pembeni yatachukua nafasi yake.

Je, naweza kupanda hopsi Arusha au Limuru na kutumia katani ya hapo hapo?

Kamba utaipata, mmea ndio utakaokusumbua. Hopsi hutegemea siku ndefu za kiangazi ili irefuke kabla ya kutoa maua, na karibu na Ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hutoa maua mapema ikiwa bado fupi na mavuno huwa haba. Hata Afrika Kusini, kusini sana kwenye eneo la George, wakulima walihangaika na ufupi wa mchana hadi walipozalisha aina zao wenyewe, kama vile Southern Promise. Viwanda vya bia vya Afrika Mashariki huagiza hopsi kutoka nje.

Nikienda likizo Unguja, nibebe kamba ya makumbi?

Beba. Ile ya kusokota kwa mkono haina unene ulio sawa, na kwa hopsi hilo ni jema. Hakikisha ni kavu, haina udongo wala vipande vya makumbi ambavyo havijapondwa, na uitangaze kwa maofisa wa forodha unapoingia. Marekani hasa hudai abiria atangaze kila kitu kitokanacho na mimea. Kitita cha mita 50 kinatosha miche minne.